Kilomita Zilizorudi Nyumbani

Melkizedeki alikuwa ameingiza mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe wa mzee Eliufoo, glavu ya nailoni imemfika begani, shavu amelilaza juu ya kiuno cha yule ng'ombe kama mtu anayesikiliza redio, mzee Eliufoo alipomuuliza habari za mama.

"Hajambo," alisema Melkizedeki. "Ila amekuwa mbali."

"Amefika wapi?"

"Jana ilikuwa kama kutoka Mwembe hadi hapa kwako."

Mzee Eliufoo akaushika mkia wa ng'ombe vizuri zaidi. "Hiyo ni mbali, kwa mtu aliye chumba cha pili."

"Ni mbali, mzee."

Melkizedeki akaupeleka mrija wa mbegu mahali pake, akabonyeza, akautoa mkono taratibu. Ng'ombe aligeuka akamtazama mara moja, kisha akarudia majani yake ya migomba. Mambo yao yalikuwa yamekwisha. Wafugaji wa Mbaga na Vunta walikuwa wakimwita Dume, na kina mama waliokuwa wakipalilia tangawizi, wakisikia pikipiki yake inahangaika kwenye kona, huambiana, "Jifungeni kanga vizuri, Dume anapanda," wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Zamani Melkizedeki alikuwa na majibu yake, tena ya kuwazidi. Siku hizi aliinua mkono tu akapita.

"Mpe mama salamu zangu," alisema mzee Eliufoo.

"Zitamfikia keshokutwa."

"Haidhuru. Salamu zangu hazina haraka."

Melkizedeki akafunga mtungi wake wa baridi wa kuwekea mbegu nyuma ya pikipiki, akavaa helmeti, akashuka.

Shirika la Mitamba Milimani lilikuwa na ofisi mjini Same, nyuma ya soko, na lilikuwa na gari moja, ambalo lilikuwa la mkurugenzi. Wapandishaji wa ng'ombe walitumia pikipiki zao wenyewe, kwa makubaliano kwamba kila mwisho wa mwezi mtu atarudishiwa gharama ya kila kilomita aliyokwenda kwa ajili ya kazi. Yalikuwa makubaliano mazuri, na mkurugenzi aliyasoma kwa sauti siku ya kuyasaini. Shida ilikuwa kwenye kupima. Mhasibu, Sadock, alikuwa na ramani ya wilaya ukutani na rula ya mbao. Mtu akileta fomu ya Mbaga, Sadock alinyanyuka, akaweka sifuri ya rula juu ya Same, ncha ya kalamu juu ya Mbaga, akasoma. Katikati hapo palikuwa na mlima mzima, na barabara iliyoupanda huo mlima ilijikunja kama utumbo wa mbuzi, lakini ramani ilikuwa bapa, na rula haina kona.

Wala Sadock hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa mzee Eliufoo, aliyesomeshwa kwa maziwa ya bibi yake yule ng'ombe tuliyemwacha akila majani ya migomba. Kona zile alizipanda kwa miguu yake mwenyewe, begi la shule mgongoni. Hakubisha kwamba zipo.

"Kona zipo, kaka Melki," alikuwa akisema, kwa upole kabisa. "Ila hapa hazionekani. Na mimi nalipa kinachoonekana."

Basi katika kila safari kilomita chache zikalipwa, na nyingi zikabaki. Kilomita iliyolipwa ilikaa mlimani mahali pake, ikawa ya serikali. Ile isiyolipwa haikuwa na pa kukaa. Ilimfuata aliyeipita, ikaenda naye nyumbani.

Ya kwanza ilifika msimu wa kuvuna maharage. Nyumba ya Melkizedeki ilikuwa ya matofali ya saruji, sebule, jiko na vyumba viwili, bati limeanza kupata kutu. Jioni hiyo alipotoka sebuleni kwenda kumsalimu mama yake, alikuta kati ya mlango wa sebule na mlango wa mama pamelala kipande cha barabara. Kilikuwa na mtaro upande wa kushoto, na katikati jiwe la kijivu, lile lililompinda rimu wiki hiyo. Melkizedeki alilitambua. Mkewe, Blandina, alikuwa amekwisha kuzisogeza kokoto pembeni kwa ufagio.

"Hiki nacho ni cha wapi?" aliuliza Blandina.

"Cha pale juu ya Mwembe. Sadock amekikata."

"Na huyu mbuzi?"

"Atakuwa alikuwa anavuka."

Blandina akamfunga mbuzi kwenye mguu wa kabati. Wakala makande, wakalala.

Kwa nje nyumba haikuongezeka hata tofali moja. Mtu aliweza kuizunguka yote huku anamenya chungwa, akarudi mlangoni chungwa halijaisha. Kwa ndani ndiko ilikoendelea. Kila mwezi Sadock alipoweka rula, kipande kingine kilifika: kona mbili za ukungu, kalavati, mteremko wa utelezi na ngedere wake, sehemu ile ambapo ng'ombe wa watu hulala barabarani. Ukungu ulikuja na ubaridi wake. Majirani, ambao kama watu wote wa Same walikuwa wakichomwa na joto, walianza kubisha hodi saa za mchana na kuomba kukaa kwenye kona ya pili wapunge upepo. Omari, fundi pikipiki wa mtaa ule, alikuwa akija na mkeka wake.

"Wewe una bahati," alimwambia Melkizedeki. "Wenzako wanalipia feni."

Simu hazikushika huko ndani. Mnara ulikuwa umewekewa barabara ya nje.

Mama yake Melkizedeki aliitwa Bibi Koleta. Melkizedeki alikuwa kitinda mimba wake, na kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha zima, na mwanawe alimjua kwa kifundo cha mkono. Kila jioni Melkizedeki alisimama mlangoni, akasema "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba, umerudi salama?" Kisha bibi alipewa kikombe cha chai ya tangawizi, akakinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakishika kifundo cha mwanawe, akikipima kama amekonda.

"Mimi sitaki mengi," alikuwa akisema. "Nataka siku nikiondoka, mkono huu uwe hapa. Basi."

Melkizedeki aliahidi. Wakati anaahidi lilikuwa jambo jepesi, kwa sababu kati yao palikuwa na mlango tu.

Sasa kulikuwa na mlima. Alianza kwa kwenda kumsalimu kwa miguu, halafu ikabidi apande pikipiki, halafu chai ikawa inafika imepoa, ikabidi anunue chupa ya kuhifadhi joto. Siku alizorudi amechoka sana, alisimama sebuleni akapaza sauti kutoka hapohapo. "Shikamoo mama!" Sauti yake iliondoka. Alikula, akaoga, akalala, na marahaba ilifika asubuhi anapofunga viatu. Baadaye ikawa inafika kesho yake, kisha keshokutwa. Sauti ya bibi kizee hutembea kwa miguu kama mwenyewe, na kwenye kila kona hukaa kidogo ikapumzika.

Walijaribu kumhamishia sebuleni. Melkizedeki alimleta kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa kanga mbili, wakamtandikia kitanda pembeni ya kabati. Kabla kitanda hakijapata joto barabara ilijinyoosha, ikapita chini ya meza, ikalala kati ya kitanda na mlango wa nje. Barabara haikuwa na ugomvi na chumba. Ilikaa kati ya Melkizedeki na pale alipotaka kufika. Wakamrudisha mama chumbani kwake, kwenye dirisha lake, na Blandina akachukua sufuria, mkeka na yule mbuzi, akahamia upande wa huko kumtunza. Melkizedeki akabaki sebuleni, anapika mwenyewe.

Kwamba dawa ya barabara hiyo ilikuwa kulipwa, walilijua tangu mapema. Mwaka huo Sadock alikwenda likizo, na kwenye nafasi yake akakaa kwa muda msichana mmoja aitwaye Fortunata. Fortunata alikuwa wa Vunta. Alipopelekewa fomu ya Vunta aliitazama ramani, akaitazama rula, akacheka peke yake, kisha akaandika mwendo kama anavyoujua mtu anayekwenda kwao kwa basi. Melkizedeki alilipwa safari zote za mwezi ule, kona kwa kona. Jioni aliporudi nyumbani alisikia mtu anakohoa karibu, akadhani ni jirani. Alikuwa mama yake. Barabara ilikuwa imekwenda zake, imeacha vumbi kidogo na alama za kwato za ng'ombe kwenye sakafu.

"Mbona umekonda hivi?" alisema Bibi Koleta, amekishika kifundo.

Walikula pamoja wote watatu, kwenye meza moja, wiki nzima na zaidi. Bibi alipata nguvu hata akaanza kumsema Blandina kuhusu chumvi.

Kisha Sadock akarudi kutoka likizo, akaona kosa, akalisahihisha. Kilichozidi kilikatwa kwenye mwezi uliofuata, na Fortunata akaambiwa asante, nafasi imejaa. Barabara ilirudi wakati wa chakula cha jioni. Ilifika kwa utaratibu, ikapita katikati ya meza, na Melkizedeki akabaki na kijiko mkononi huku chungu cha makande kikienda na mkewe na mama yake kuelekea kwenye ukungu.

"Kula kilichopo kabatini!" alisikia Blandina akipaza sauti, tayari akiwa mbali.

Angeweza kuacha kazi, na watu walimwambia aache. Lakini pikipiki ilikuwa ya mkopo wa shirika hilohilo, na zaidi ya hapo kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akihitaji dume hangoji mtu amalize mashauri yake. Anampa mfugaji siku moja tu, ikipita hiyo mfugaji amepoteza ndama na maziwa, na kule juu maziwa ndiyo ada ya shule na ndiyo sabuni. Simu ilipoita alfajiri, Melkizedeki alipanda. Jioni alishuka, akafika mlangoni kwake, akavua helmeti, akanywa maji, akavaa helmeti tena, akaingia ndani.

Masika ilipokuja, mvua iliyonyesha Mbaga ilinyesha na mle ndani, kwa sababu mvua hufuata barabara yake. Bati halikuvuja. Maji yalitokea mlimani, yakashuka, yakabeba kalavati lililokuwa baada ya kona ya nne, na Blandina na mama wakakatika upande wa huko. Unga uliwaishia. Blandina alimfungia mbuzi ujumbe shingoni, akamwachia, na mbuzi, ambaye kwa asili alikuwa wa barabara hiyo, akafika sebuleni ameloa.

Habari zikapanda hadi Mbaga, na kule pembe ikapigwa. Kwa Wapare barabara ikikatika hakuna anayeuliza ni ya nani. Pembe ikilia watu hutoka na majembe na sururu, na kazi hiyo ya wote huitwa msaragambo. Walishuka wakiwa wamejaa kwenye lori la tangawizi, mzee Eliufoo mbele amekaa na dereva, wakavua viatu mlangoni kwa heshima ya nyumba, wakaingia. Watu wa mtaa nao wakajiunga. Omari alibeba mawe mpaka shati likachanika. Walilitengeneza kalavati, wakafukia mashimo, wakachimba mitaro upya, wakaimba, na wakala ugali uliopikwa kwenye kona ya pili ambako kuni zilikuwa kavu.

Melkizedeki hakuwepo. Alikuwa Vunta na ng'ombe. Na kwa kuwa sheria ya msaragambo ni moja, asiyefika hulipa faini, mwenyekiti alimtoza faini kwa kutohudhuria matengenezo ya barabara ya nyumbani kwake. Akalipa.

"Mshitaki huyu mtoto wangu," mzee Eliufoo alimwambia, wakiwa wanaosha majembe. "Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasimama mahakamani niseme kona zipo, nimezaa mwongo."

"Hasemi uongo, mzee. Anasema zipo."

"Basi mshitaki kwa kusema kweli! Wewe ni Mpare gani, umri huu, huna hata kesi moja?"

"Nitaiendesha saa ngapi, mzee? Na mahakama nayo ni mwendo."

Mzee Eliufoo akamtazama vizuri, akaona mtu ameisha. Hakusema tena habari ya kesi. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwanawe, hakuketi alipokaribishwa, na waliyoongea hayakusikika nje. Lakini wiki iliyofuata Sadock alitangaza kwamba atakwenda kukagua.

Alikuja na gari la mkurugenzi, na dereva, na posho ya siku nzima. Siku hiyo mbuzi alikuwa ameleta ujumbe mwingine, mfupi: mama hali mbaya, njoo mapema. Melkizedeki alikuwa tayari ameweka chai kwenye chupa na kuiviringisha kwa sweta.

"Tutafika hadi kwa mama," alimwambia Sadock. "Ukifika kwa mama utakuwa umeona yote."

"Sawa, kaka Melki. Tuone."

Sadock alikuwa mtu mwenye adabu. Pale sebuleni alisimama, akasafisha koo, akapaza sauti: "Shikamoo mama! Ni Sadock wa Eliufoo!" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula vizuri, ikatangulia mbio. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki, akalishika koti la Melkizedeki kwa mikono miwili, wakaondoka.

Walipita majirani waliokuwa wakipunga upepo. Walipita kalavati jipya, na Sadock alilisifu. Alisifu na mitaro. Kwenye ukungu aliomba sweta, akapewa lile la chupa ya chai. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipotokeza kwenye ukingo wa bonde, na hapo wakamkuta Blandina amesimama barabarani, kanga imelowa ukungu, anahema.

"Anakuita," alimwambia mumewe. "Anaita mkono. Twende."

Ng'ambo ya bonde dirisha la Bibi Koleta lilionekana, na taa imekwisha kuwashwa. Sadock alilitazama, akafumba jicho moja.

"Kumbe si mbali," alisema. "Kwa rula ni hapo tu."

"Kuna kona sita za kushuka na kupanda," alisema Blandina.

"Nimeona vya kutosha. Gari la mkurugenzi linatakiwa kabla giza halijaingia. Nirudishe, kaka Melki."

"Tufike kwa mama kwanza, bwana Sadock. Tumekaribia."

"Mimi niko kazini, kaka. Huko kwa mama ni mambo ya familia."

"Ana miguu huyu," Blandina alimwambia mumewe, bila kumtazama Sadock. "Barabara inashuka. Mwache ashuke."

"Na ngedere je?" alisema Sadock.

Melkizedeki alitazama taa ile ng'ambo, akamtazama Sadock. Alijua kwamba mtu huyu akifika salama, akiwa hajalowa wala hajaumwa na ngedere, akanyanyua kalamu yake akaandika alichokiona kwa macho yake, barabara yote itaondoka kwa mara moja, na mama atakuwa hapo mlangoni hata kabla hajazima pikipiki. Ndivyo alivyopiga hesabu. Ni hesabu ambayo hata mtu asiyechoka angeweza kuikosea. Akampa Blandina chupa ya chai.

"Mwambie nakuja," alisema, akageuza pikipiki.

Blandina alikuwa amekwisha anza kushuka bondeni, mbio.

Sebuleni Sadock aliketi, akakunja miguu yake iliyokuwa imeshika ganzi, akaandika muda mrefu. Melkizedeki alisimama, helmeti kichwani.

"Kilomita zipo," alisema Sadock hatimaye. "Hilo nimeliandika. Mzee akiuliza, mwambie nimeandika zipo."

"Ahsante."

"Ila ziko ndani ya nyumba yako, kaka Melki. Na kanuni inasema wazi, mwendo wa mtumishi nyumbani kwake ni shughuli zake binafsi. Ofisi haihusiki." Akafunga kalamu. "Halafu kwa haki, barabara yako ni nzuri kuliko ya nje. Mpe mama pole."

Yeye mwenyewe alijaziwa mwendo wote, kwenda na kurudi, kona kwa kona, hadi kwa Bibi Koleta ambako hakufika. Kwake hilo halikuwa na kikwazo, kwa kuwa alikuwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine, kikazi.

Melkizedeki alirudi mlimani. Alipofika, Blandina alikuwa ameketi kizingitini, kikombe kiko sakafuni pembeni yake. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Nilimpa mkono wangu," alisema Blandina. "Akaushika, akaupimapima. Akasema, huu si wenyewe, lakini haidhuru."

Melkizedeki akavua helmeti, akakaa naye.

Bibi Koleta alizikwa Mbaga, kwenye migomba ya kwao, pembeni ya mumewe. Gari halikuweza kupita mlango wa sebule, kwa hiyo jeneza lilibebwa mabegani kutoka chumbani kwake, likashuka na kupanda barabara yote ya ndani, wakipokezana walewale walioitengeneza. Wakatoka nje, wakamweka kwenye pikapu aliyoiazima Omari, wakaanza kupanda mlima upya. Kona zilezile, mara ya pili, na jua safari hii. Mzee Eliufoo alisema hajawahi kumzika mtu aliyesafiri hivyo. Shirika lilituma shada la maua, na Melkizedeki alikatwa mshahara wa siku ile moja, kwa sababu mazishi yalifanyika mahali ambapo kwa kawaida huwa anakwenda kikazi, na alikwenda bila mtungi.

Siku kadhaa baada ya matanga kumalizika, Melkizedeki alikuwa sebuleni anachambua mchele wa Ndungu na Blandina, sauti ilipofika.

"Marahaba, baba. Sadock wa Eliufoo! Karibu. Hebu sogea nikuone."

Ilikuwa sauti ya mama yake, imechoka kwa mwendo. Wote wawili wakaacha mikono yao ndani ya ungo.

Kesho yake Melkizedeki alipita ofisini. "Mama ameitikia salamu yako," alimwambia Sadock. "Amesema usogee akuone."

Sadock aliacha kupima. Rula ilikuwa mkononi mwake. "Bahati mbaya," alisema, kisha akauliza kama kuna fomu.

Jioni hiyo marahaba nyingine ilifika, ya shikamoo ambayo Melkizedeki mwenyewe hakukumbuka aliitoa lini. Wakatambua kwamba ziko nyingine njiani. Zile jioni zote alizorudi amechoka akasalimia kutoka sebuleni, bibi alikuwa amezijibu, moja moja, na majibu yalikuwa bado yanatembea, yanapumzika kwenye kona, yanainuka. Nyingine huenda zilikuwa hata kalavati hazijalifikia. Blandina ndiye aliyelisema.

"Sasa wakilipa?"

Melkizedeki alikuwa na fomu za mwezi mezani, amejaza nusu. Alizitazama. Wakilipa, barabara itaondoka kwa mara moja, na kila aliyeko juu yake ataondoka nayo. Akazikunja, akazitia chini ya mguu wa kabati uliokuwa unayumba.

Tangu hapo hakudai tena. Anapanda Mbaga, anapanda Vunta, ng'ombe wanapata mimba, anajinunulia mafuta mwenyewe. Kilomita zote sasa zinakuja nyumbani, hata zile chache za kwenye rula, nyumba inarefuka, na sauti ya bibi inachukua muda zaidi kufika. Kwenye mkutano wa mwaka mkurugenzi alimtaja kuwa mtumishi wa mfano, akamsimamisha, akapigiwa makofi. Sadock alipiga makofi kuliko wote. Kisha wenzake wanne wa pikipiki waliambiwa waige.

Jioni Melkizedeki hufika, akaegesha pikipiki, akavua helmeti. Blandina humwekea vikombe viwili, kimoja kwenye meza, kingine pale sakafu inapoishia na kokoto zinapoanzia. Huketi kwenye kiti akielekea ukunguni. Siku nyingine haiji sauti, chai ya pili hupewa mbuzi. Siku nyingine huja.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Nimerudi, mama," husema Melkizedeki, na kukinyoosha kifundo cha mkono juu ya ile barabara, mpaka chai ikapoa.